Mwanangu amejifungia ndani pamoja na sungura wa kitabuni

SWALI

Assalaam aleikum, Bibi Mshauri, na shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, ninakaa Kikwajuni, hapa mjini Unguja, katika nyumba ya wazee wa mume wangu. Jambo lililonifanya nikuandikie linamhusu mwanangu wa pili, mvulana wa miaka mitano, na kitabu kimoja cha picha ambacho sasa kimetugawa nyumba nzima.

Miezi miwili iliyopita nilimtuma duka la jirani, nyumba ya tatu kutoka kwetu, akanunue maandazi. Alikuwa anarudi, moja liko mkononi keshalimega, ndipo kunguru aliyekuwa juu ya mti wa mkungu akamshukia kwa nyuma, akamparura kichwani kwa kucha, akalinyakua lile andazi na kwenda kutua nalo juu ya bati. Kidonda kilikuwa kidogo. Tulimpeleka kituo cha afya kikasafishwa, na baada ya wiki kilikuwa kimekauka. Kilichobaki ni hofu. Tangu siku ile hataki kutoka nje. Skuli ya maandalizi anakwenda akiwa amefunikwa kanga yangu kichwani mpaka getini, chuoni kwa Kurani ameacha kabisa, na barazani, ambako zamani alikuwa akicheza gololi na wenzake mpaka adhana ya Magharibi, hafiki tena. Husimama nyuma ya mlango akichungulia.

Shangazi yake anayeishi Ulaya alipopata habari hizi alituletea kitabu kwa mkono wa mgeni aliyekuwa anakuja. Ni cha Kiingereza, kina maneno machache, nami humfasiria. Kinamhusu sungura mdogo anayekaa katika shimo chini ya mti, na kila akitaka kutoka hufikiria jambo baya litakalompata: upepo utamchukua, mwewe atamwona, majani makavu yatamfukia. Kurasa nne nzima ni za hofu tu, zimepakwa rangi nyeusi na buluu. Baada ya hapo hutoa sikio moja, kisha pua, kisha mguu, na katika ukurasa wa mwisho yuko nje kwenye theluji pamoja na wenzake.

Mwanangu amekipenda kupita kiasi. Mimi niliona kurasa zile nne zitamzidishia, nikazibana kwa kibanio cha nguo, ili kutoka ukurasa wa kwanza twende moja kwa moja pale sungura anapotoa sikio. Yeye hukitoa kile kibanio, akakiweka kando taratibu, akazirudia kurasa zile zile. Huweka kidole juu ya mwewe na kumsugua, hata karatasi imeanza kupauka. Juzi aliniuliza, "Mama, huyu sungura humo shimoni anakula nini?" Sikuwa na jibu.

Mama mkwe hakitaki kitabu hiki hata kukiona. Anasema sungura anayemjua yeye ni yule aliyemchezea simba shere. "Sungura gani huyu, mwoga kama kifaranga? Mnamfundisha mtoto wa kiume woga kwa picha." Wiki iliyopita alikificha juu ya kabati, na mtoto alilia mpaka akatapika. Mume wangu hasemi kitu, lakini ninajua yuko upande wa mama yake. Na mimi nisijitoe katika lawama: mawifi zangu wanapotaka ale haraka humwambia, "Maliza, kunguru yule anakuja," naye humaliza kweli, mbio mbio, na mimi hukaa kimya.

Ninaomba unishauri. Je, kitabu hiki kinamsaidia au kinamharibu? Nimefikiria pia kumtengenezea kingine kwa mkono wangu, kwa kuwa ninachora kidogo, chenye mnyama wa hapa kwetu, maana theluji haijui na shimo la sungura hajapata kuliona. Kama ni wazo zuri, nimchore mnyama gani?

Mama wa Kikwajuni

JIBU

Wa aleikum salaam, mwanangu, na marahaba.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesita pale penye kibanio cha nguo. Hebu mtazame vizuri mtoto anayekitoa kibanio na kukiweka kando taratibu ili arudi mahali penye mwewe. Kunguru alimjia kwa nyuma, wakati yeye akilifikiria andazi lake tu. Hakupata nafasi ya kumwona wala ya kukimbia. Kitabuni mambo yanakwenda kinyume. Anajua fika mwewe yuko ukurasa gani, anajua rangi yake na upande anaotokea, na mwewe huyo hawezi kuruka mpaka yeye mwenyewe afunue karatasi. Akichoka naye, hufunga. Tangu siku ile ya maandazi, huenda hapo ndipo mahali pekee ambapo yeye ndiye mwenye amri juu ya kitu chenye mabawa, na ndiyo sababu anaparudia kila siku. Ulipozibana kurasa zile ulikusudia kumhurumia, lakini mtoto hakuiona huruma. Aliona kwamba hata mama anaziogopa.

Kwa hiyo kitabu chenyewe hakimdhuru. Kinachohitaji kurekebishwa ni namna mnavyokisoma. Mpe akishike kwa mikono yake na afunue yeye, kwa mwendo wake, hata kama jioni nzima mtabaki katika ukurasa mmoja mweusi. Usimwambie, "Unaona, hakuna cha kuogopa," kwa sababu katika picha ile cha kuogopa kipo, kimechorwa kina mdomo na kucha, na yeye ana kovu la kuthibitisha. Muulize yale yanayoonekana: mwewe anatazama wapi, je, amemwona sungura au bado, masikio ya sungura yakoje anapotishika na yakoje anapotulia. Wachoraji wa vitabu vya namna hii huweka mengi katika picha ambayo hawakuyaandika, na mtoto asiyejua kusoma huyaona kabla yetu sisi tunaokimbilia maneno.

Mfano ni lile swali lake la chakula, ambalo limenifurahisha kuliko jambo lolote katika barua yako. Mtoto amegundua mwenyewe upungufu wa maisha ya shimoni. Sungura anayekaa ndani siku zote atakula nini? Usimpe jibu la haraka. Mwambie, "Sijui, hebu tufikiri," kisha mhesabu pamoja vitu vilivyomo shimoni na vitu vilivyoko nje. Si ajabu siku moja akakwambia mwenyewe kwamba sungura lazima atoke kwa sababu karoti ziko juu. Akilisema yeye litamkaa, na ukilisema wewe litakuwa wosia mwingine wa mama.

Jambo la pili ni la lugha, nalo liko mikononi mwako kwa kuwa wewe ndiye mfasiri. Sina shaka unaposoma husema "sungura mwoga". Acha. Sema "sungura aliogopa", "sungura anaogopa upepo", "leo sungura ameogopa kidogo kuliko jana". Mwoga ni jina la mtu, hubandikwa na kukaa, kama vile mwizi au mlevi. Kuogopa ni jambo linalompata mtu likaondoka. Mtoto wa miaka mitano hawezi kukueleza tofauti hiyo, lakini anaisikia, hasa katika nyumba ambayo neno "mwoga" linasemwa kwa sauti kubwa. Mpe pia maneno ya mwilini: moyo unadunda, miguu mizito, tumbo linavuruga. Akiweza kukwambia, "Mama, moyo unadunda," hatahitaji kulia ili umwelewe.

Sasa nije kwa mama mkwe wako, na ninakuomba usimfanye mpinzani, kwa sababu ana kitu ambacho kitabu cha Ulaya hakina. Sungura wake ni yule yule anayetakiwa hapa, ila amesahau kisa kimoja. Mkumbushe siku ile Sungura aliporudi kwake akaona nyayo za Simba zinaingia mlangoni wala hazitoki. Sungura hakuingia kifua mbele. Alisimama mbali, moyo ukimwenda mbio, akaita, "Nyumba yangu, hujambo?" Kimya. Akaita tena, kisha akasema kwa sauti, "Ajabu leo! Kila siku nikiisalimu nyumba yangu hunijibu, leo kuna nini?" Simba kule ndani akaona mambo yataharibika, akaitikia, "Sijambo!" Hapo Sungura akacheka, akamwambia hajapata kusikia nyumba inayosema, na mbio akaondoka. Mjanja huyo aliogopa, tena aliogopa mlangoni pake mwenyewe, na hofu yake ndiyo iliyomfanya asimame na kuuliza. Wazee waliosema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake hawakuwa wakimcheka kunguru.

Mwombe basi mama mkwe, kwa heshima na bila ya kumtajia kwamba ushauri umetoka gazetini, amsimulie mjukuu wake kisa hicho. Kisha mfanye mchezo wake. Kila mnapotaka kutoka, mtoto asimame kwenye kizingiti aite, "Njia, hujambo?" Msikilize pamoja, mtazame mkungu, mtazame bati la jirani. Njia ikikaa kimya, mnatoka. Njia ikijibu, mnarudi ndani mbio. Atacheka siku ya kwanza, na siku ya tano atakuwa anaangalia juu kabla ya kutoka, jambo ambalo mtu yeyote anayepita chini ya mti wenye kunguru anapaswa kulifanya.

Kuhusu kunguru mwenyewe, mtoto aambiwe ukweli. Ndege hawa weusi wenye shingo ya kijivu si wa asili hapa. Waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili wasaidie kula taka za mji, wakazaana hata wakatushinda, na kazi waliyoletewa wanaiendeleza mpaka leo, pamoja na kuiba. Kunguru hunyakua chakula kilicho wazi mkononi, na watoto ndio anaowawahi zaidi kwa kuwa ni wafupi na wamejisahau. Akiwa na makinda, huwashukia hata watu wazima wanaopita karibu na mti wake, na mara nyingi huja kwa nyuma. Mtazame huo mkungu una kiota au hauna. Ukiwa nacho, pitieni upande wa pili wa njia mpaka makinda yaruke, au mchukue mwavuli. Maandazi yaingie katika mkoba na yaliwe nyumbani. Mambo haya ni madogo na mtoto anaweza kuyafanya mwenyewe, na yatamtuliza kuliko kumwambia kwamba kunguru hatamrudia tena, ahadi usiyoweza kuitimiza.

Na wale mawifi, nitasema bila ya kuzunguka: wanyamaze. Nyumba inayomtisha mtoto kwa kunguru wakati wa kula haiwezi kumshangaa anapoogopa kunguru wakati wa kutoka. Lililobaki kwenye sahani na libaki.

Turudi kitabuni, kwa sababu ninataka kitabu hicho kiwe ndicho kinachomtoa nje. Kwa bahati nyumba yako ina baraza, na waliozijenga nyumba zetu walimfikiria mtu wa namna hii: barazani si ndani wala si nje, mgongo uko ukutani na macho yako njiani. Leo mnakisomea wapi? Bila shaka chumbani. Wiki hii kisomeeni ukumbini, mlango ukiwa umefungwa. Akizoea, mlango uwe wazi. Kisha mkae kwenye kizingiti, miguu yenu ikiwa ndani. Kisha barazani, upande ulio mbali na mkungu, kurasa mbili tu na kurudi. Kisha kitabu kizima. Kisha upande wa mkungu. Dukani mtafika baadaye. Kila hatua ichukue siku atakazotaka yeye, na yeye ndiye aseme, "Mama, leo tukae pale," kama anavyofunua ukurasa. Akitaka kurudi nyuma hatua moja, arudi bila ya kusutwa. Kitabuni pia hurudi nyuma, nawe umeshaona kwamba baadaye husonga mbele. Jambo moja uwe nalo makini: akishikwa na hofu mkiwa barazani, usimbebe ndani mbio mbio, kwa maana mwili wake utajifunza kwamba mlango ndio uliomwokoa. Kaeni kidogo, mshike mkono, mpumue pole pole mpaka moyo utulie hata nusu, ndipo muingie kwa mwendo wa kawaida.

Wakati uchague vizuri. Kuelekea Magharibi kunguru hukusanyika kwa makelele kwenda kulala mitini, na hata mimi, ambaye sijawahi kuparurwa, sipendi kukaa nje wakati huo. Saa nne za asubuhi siku isiyo ya skuli, au mara baada ya Alasiri, panafaa zaidi.

Kanga nayo usimnyang'anye. Ipunguze. Kutoka kichwani iteremke mabegani, kutoka mabegani abaki ameshika pindo tu huku wewe umeivaa, na siku moja mtashtukia imebaki nyumbani. Kwa upande wa chuoni, zungumza na mwalimu wake faraghani, umweleze lililotokea, umwombe mtoto aanze kwa nusu saa na asiulizwe mbele ya wenzake alikuwa wapi.

Sasa swali lako la mwisho, la kitabu cha mkono wako. Ndiyo, kitengeneze, lakini kisije kuchukua nafasi ya yule sungura. Rafiki haondolewi kwa sababu amekuja jirani. Theluji haimsumbui mtoto wako kama unavyodhani. Wanaomtafutia sungura kasoro ni watu wazima. Faida ya kitabu chako itakuwa nyingine: kitakuwa na mlango wake, mkungu wake na duka lake.

Mnyama yupi? Kobe atakujia kwanza akilini, kwa kuwa tunao wale wakubwa wa kisiwa cha Changuu, waliotokana na wanne waliotolewa zawadi kutoka Shelisheli mwaka 1919, na kila mtoto hupenda namna anavyoingiza kichwa ndani. Mimi ningemwacha. Kobe hutembea na nyumba yake mgongoni, hivyo hadithi yake haina mlango wa kuvuka. Komba ni mzuri wa macho, ila hutoka usiku, na bibi yake atakumbuka kwanza habari zake za kulewa tembo. Popo wa Pemba, wale wakubwa wanaoning'inia mchana kweupe pale Kidike, ningewapenda sana, lakini wapo watu wazima ambao wakisikia neno popo hukumbuka vishindo vya popobawa vya mwaka 1995, nasi hatutaki hofu ya wakubwa iingie katika kitabu cha mdogo.

Ningemchagua paa nunga. Ni mdogo, kimo chake hakifiki goti la mtu mzima, rangi yake ni wekundu wa kahawia, na ana mkanda mweupe kwenye mapaja ambao hata mchoraji wa kubahatisha hakosi. Ni mnyama wetu kwa maana yenyewe: nje ya Unguja hupatikana katika misitu michache tu ya pwani ya Kenya, na hapa makao yake yanayojulikana zaidi ni msitu wa Jozani, uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004. Ana haya na hushtuka kwa mchakacho wa jani. Lakini paa nunga ana tabia moja inayokufaa wewe kuliko zote: hupenda kupita chini ya miti wanamokula kima, akiokota majani, maua na matunda wanayoyaangusha. Mwenye hofu huyo anatoka kwa sababu kuna chakula na kuna wenzake juu, na mwanao ameshakuuliza habari ya chakula. Hadithi yako nusu imekwisha kuandikwa.

Chukua karatasi nne nzito, zikunje katikati, uzishone kwa uzi kwenye mkunjo, nawe utakuwa na kurasa kumi na sita. Sentensi moja kwa ukurasa inatosha. Kurasa za hofu usizipunguze. Weka majani yanayochakacha, weka kivuli kinachopita juu, weka kunguru hata kama msituni si mahali pake, kwa sababu usipomweka mtoto atakuuliza yuko wapi. Kisha paa asikie kitu kikianguka, atoe pua, anuse ua, ale, arudi, atoke tena. Asiwe shujaa ghafla. Na usimpe adui wa kumpiga. Watu wa nyumbani watataka kunguru aadhibiwe mwishoni, nawe ukatae. Ukurasa wa mwisho uuache mtupu, umpe yeye penseli za rangi. Atachora anachotaka, hata kama ni paa aliyelala ndani, na usimsahihishe.

Mtoto akikataa paa na kutaka kunguru ndiye awe mwenye hofu, mkubalie upesi. Kinda wa kunguru aliye kiotani, akiogopa mvulana mwenye andazi anayepita chini ya mti wake, ni hadithi ambayo mimi mwenyewe ningependa kuisoma.

Haya yote yanahitaji wiki kadhaa, na mwendo wake hautanyooka. Lakini ukiona hatua hazisongi kabisa kwa mwezi na zaidi, au ameanza kukojoa kitandani ilhali alishaacha, au usingizi na chakula vimeharibika, au hofu imehamia ndani na hataki kuachana nawe hata kwa dakika chache, mrudishe kituo cha afya na umweleze daktari hofu hiyo, asiangalie kovu peke yake, na uombe upelekwe kwa anayeshughulika na watoto wa namna hii. Hakuna aibu ndani yake.

Mume wako umesema hasemi kitu. Mpe kazi badala ya mjadala. Jioni moja amsimulie mwanawe jambo alilokuwa akiliogopa utotoni, liwe giza la uchochoroni, ng'ombe wa jirani au kuruka gatini wakati wenzake wanaogelea, na amweleze alifanyaje, hata kama alichofanya ni kukimbia. Mtoto wa kiume akisikia kutoka kwa baba yake kwamba baba naye aliwahi kuogopa, bibi atakuwa na la kusema kidogo zaidi kuhusu sungura.

Na bibi mwenyewe, siku mtakapofika barazani na kitabu, mwekee mkeka pale pale. Ukimaliza kusoma wewe, aanze yeye: "Paukwa!" Mtoto ataitikia "Pakawa!" akiwa nje, na bibi ataendelea na Chanjagaa wake aliyejenga nyumba akakaa, mpaka kwenye vile vilango vya kupitia. Kitabu kisifichwe tena juu ya kabati, na kibanio kirudi kwenye kamba ya nguo.